Mgodi wa Ilima: kwa nini sasa naanzia kwa malori

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam kuhusu makaa ya mawe ya nchi hii, atakutajia Kiwira, na akiwa mfuatiliaji ataongeza Ngaka na Mchuchuma. Ilima hataitaja, ingawa mgodi huo mdogo wa Rungwe, uliomo katika eneo lilelile la makaa la Songwe-Kiwira, ulichimbwa kabla ya ule wa Kiwira kufunguliwa mwaka 1988.

Nilipoanza kuufuatilia nilifanya kosa la kijiolojia, yaani nilianzia kwenye mwamba. Nilikaa Nyaraka za Taifa nikisoma majalada ya Wajerumani, yale ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, kwa mwandiko unaochosha macho kabla ya saa sita. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alikuwa amelizunguka koloni kati ya 1895 na 1897, na wataalamu wa aina yake walipima unene wa tabaka na mwinamo wake kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Kuhusu mnunuzi hawakuwa na la kusema.

Makaa ya mawe ni mazito na bei yake kwa tani ni ndogo, hivyo nauli huyala haraka. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914 ikiwa imepita mbali kaskazini mwa Rungwe, na TAZARA ilipita Mbeya katika miaka ya 1970 tu. Mgodi wa huko uliishi kwa lori.

Basi nikamtafuta mzee mmoja wa Mbagala, mstaafu wa machimbo. Nilipomuuliza habari za "makaa" alianza kunieleza tanuri la mkaa, mpaka nikasema "ya mawe".

"Aa, hayo! Mwanangu, hayo tuliyasukuma zaidi ya kuyachimba. Masika lori lilikuwa linalala njiani."

Akanichorea njia hiyo nyuma ya risiti ya luku. Mahali ilipovuka kijito, ramani yangu ya uwandani ilikuwa na maneno niliyoyaandika mwenyewe na kuyapita: "maji ya rangi ya kutu". Pairaiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo katika makaa, ikikutana na hewa na maji huacha kutu ya namna hiyo, na maji hayo mara nyingi hutiririka kutoka kwenye kifusi au mlango wa handaki la zamani.

Nilikuwa nimesimama hapo nikipiga picha za mwamba wa ng'ambo.