Injini ya zamani ya Alfa Romeo: alumini na chuma havitanuki sawa

Nikiletewa injini ya Alfa Romeo ya zamani, kwanza natazama stadi, zile bolti ndefu zisizo na kichwa zinazotoka kwenye bloku (mwili wa injini) na kupenya hedi nzima (sehemu ya juu inayoifunika) hadi juu kwenye nati. Nikikuta shingo zake zimezungukwa na unga mweupe, najua hedi haitatoka leo, wala kesho. Unga huo ni alumini iliyoliwa. Mtu alijaza radieta maji matupu, yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, yakapungua, akaongeza matupu tena, miaka ikapita.

Injini ninayoisema ni ile ya silinda nne yenye kamshafti mbili juu (shafti zinazofungua valvu), iliyoanza na Giulietta Sprint mwaka 1954 ikiwa na ujazo wa 1290 cc. Ilikua ikawa 1570, kisha 1779, mwishowe 1962, na Spider za mwisho, zilizotoka mwaka 1993, bado zilikuwa za ukoo huo. Bloku na hedi vyote vimesubiwa kwa alumini. Ndani ya bloku huchomekwa silivu nne za chuma cha kusubu (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) ambazo maji huzizunguka moja kwa moja, na krankishafti ya chuma, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hukaa juu ya beringi tano. Kwa gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua, ulikuwa ufundi wa hali ya juu.

Ila alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila unapowasha, metali hizi mbili huanza kuvutana, na ukizima hurudiana. Gasketi ya hedi, bamba jembamba la kuziba kati ya hedi na bloku, imekaa katikati ya ugomvi huo maisha yake yote. Karibu kila ugonjwa ninaoukuta kwenye injini hizi, na karibu kila sharti ninalompa mwenye gari, asili yake ni hapo.

Turudi kwenye hedi iliyogoma. Nilipokuwa najifunza kazi nilichomeka bisibisi kati ya hedi na bloku, nikabinya. Hedi ilitoka, ndiyo, lakini iliacha mfereji kwenye uso wa bloku ambao ilibidi ujazwe kwa kuchomelea na kusawazishwa kwa mashine. Sijarudia. Siku hizi namimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila stadi asubuhi na jioni, siku nne, tano, hata wiki. Nagonga ncha za stadi taratibu kwa nyundo ya shaba, kisha naivuta hedi kwa bamba nene lililofungwa juu yake, ipande sawa pande zote. Mwenye gari akipiga simu kuuliza tumefika wapi, namwambia tunasubiri. Wengi hawapendi jibu hilo.

Hedi ikishatoka, usizungushe krankishafti. Silivu hazijashindiliwa ndani ya bloku. Ni hedi iliyokuwa ikizikandamiza. Pistoni ikipanda huweza kuinua silivu kidogo tu, usione chochote, lakini pete ya mpira iliyo chini yake ikahama na maji yakapata njia ya kwenda kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kama silivu zinabaki, nazibana kwa vipande vya bomba na washa vilivyofungwa kwenye stadi. Kama zinabadilishwa, huja pamoja na pistoni zake kama seti, na seti haichanganywi.

Silivu mpya zikikaa, kazi inayofuata ndiyo inayotenganisha injini itakayodumu na itakayorudi. Uso wa juu wa silivu unatakiwa uchomoze kidogo juu ya uso wa bloku, usizidi 0.06 mm, na zote nne zilingane kadiri inavyowezekana. Hapo napima kwa saa ya kupimia, pointi kadhaa kwenye kila silivu. Ikizama, gasketi haiibani na moto wa silinda utapita. Moja ikichomoza kuliko jirani yake, hedi itaegemea hiyo na kuiacha nyingine. Nimekuta injini iliyounguza gasketi tatu mfululizo, kila mara ikilaumiwa gasketi yenyewe, kumbe chini ya silivu moja kulikuwa na chembe ya uchafu wa zamani ambayo hakuna aliyeikwangua.

Na tukiwa kwenye uchafu: ndani ya krankishafti kuna njia za oili zilizotobolewa, na mwisho wa kila njia umezibwa kwa kizibo kidogo cha alumini. Krankishafti ikizunguka, uzito wa taka hutupwa nje na kujikusanya nyuma ya vizibo hivyo. Miaka hamsini hivi. Nikivitoboa na kuvitoa, hutoka tope jeusi zito kama lami, na mara nyingine chembe za beringi za zamani. Ukifunga beringi mpya bila kufungua vizibo, umetengeneza injini itakayonoki, kwa sababu joto na oili mpya huanza kulilainisha tope na kulipeleka kwenye beringi. Tobo zote nazisugua kwa brashi ndefu, napuliza, nasugua tena, ndipo nafunga vizibo vipya na kuvipiga alama ya kuvizuia visitoke. Hakuna atakayekuja kuiona kazi hiyo, na ndiyo inayoongoza kwa kurukwa.

Hedi yenyewe nitaipita haraka: kamshafti zinazunguka moja kwa moja kwenye alumini, hazina beringi za kubadilisha, hivyo vifuniko vyake vina namba na kila kimoja kinarudi mahali pake. Valvu za ekzosi za 1750 na 2000 (ndiyo majina ya injini za 1779 na 1962 cc) zina sodiamu ndani ya shina ili kusafirisha joto. Usizikate, usizitupe kwenye moto. Sodiamu ikikutana na maji si mchezo.

Tapeti, vikombe vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua valvu, ndizo zinazostahili muda. Kati ya kikombe cha tapeti na ncha ya valvu kuna kidonge cha chuma, na unene wa kidonge hicho ndio unaoamua nafasi kati ya tapeti na kamshafti. Kwa 1750 na 2000, injini ikiwa baridi, naacha 0.425 hadi 0.45 mm upande wa kuingiza na 0.475 hadi 0.50 mm upande wa ekzosi, maana ekzosi hupata joto zaidi na valvu yake hurefuka zaidi. Hesabu ni nyepesi. Napima ekzosi napata 0.35, nataka 0.50. Kidonge kilichomo ni 2.10. Nafasi imepungua kwa 0.15, basi kidonge kipya kiwe chembamba kwa kiasi hicho hicho: 1.95. Shida ni kwamba lazima kamshafti itolewe ili kukibadilisha, kwa hiyo napima zote nane, naandika, ndipo nafungua mara moja.

Watu husifu tapeti zilizonyamaza. Kwa injini hii mimi huogopa ukimya. Valvu inavyozidi kuzama kwenye kiti chake, nafasi hupungua, kelele hupungua, mpaka siku valvu inashindwa kufunga vizuri na kuungua ukingo. Tapeti inayogonga kidogo ikiwa baridi hainisumbui.

Wakati wa kufunga hedi, viringi vidogo vya mpira vinavyozunguka njia za oili kwenye gasketi huwekwa vipya daima. Vikichoka, oili na maji huonana, na chini ya kifuniko cha oili utakuta uji wa rangi ya maziwa. Alama ya P kwenye puli ya krankishafti inaonyesha pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Alama za kamshafti zikilingana na za vifuniko vyake, cheni inafungwa. Kabla ya kuwasha natoa plagi zote na kuzungusha kwa stata mpaka geji ya oili inyanyuke. Hapo tu ndipo plagi zinarudi.

Baada ya hapo ni zamu ya dereva. Maji yawe na dawa ya kuzuia kutu, yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana safi. Oili ya 20W-50 yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa sababu kamshafti na tapeti husuguana bila msaada mwingine. Na usikanyage gari kwa sababu sindano ya maji imefika katikati; oili hupata joto baadaye sana kuliko maji. Kwenye magari yenye kabureta mbili za Weber, kagua viunganishi vya mpira vinavyozishikilia. Vikipasuka, hewa huingia bila petroli yake, mchanganyiko hupungua utajiri na silinda zinachemka kuliko geji inavyokiri.

Injini niliyoifungua naiomba irudi baada ya takriban kilomita elfu moja. Nabadilisha oili, kisha ikiwa imepoa kabisa, ya kulala usiku kucha, nashika nati za hedi moja moja kwa mpangilio kuanzia katikati. Nalegeza nati moja kidogo, naikaza tena kwa spana ya kipimo, ndipo naenda ya pili. Mara nyingi nati inapita pale ilipokuwa imesimama mwanzo.