Madigadi si ya wazee tu
Vijana wengi wa Lubumbashi wakinunua kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli hapa, kazi ya kwanza ni kung'oa madigadi na keria. Eti hivyo ni vitu vya wazee na wabeba makala, yaani makaa ya kupikia. Mwendeshaji wa kweli hupanda baiskeli tupu kama ya mashindano.

Lakini mwanamashindano anafuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba, na jioni fundi anamsafishia mnyororo. Wewe utasafishiwa na nani? Msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, gurudumu la mbele hurusha udongo mwekundu moja kwa moja kwenye mnyororo. Mchanga ukichanganyika na oili unakuwa msasa: unakula pini, mnyororo unarefuka, kisha unasaga meno ya gia. Mgongo wa shati nao, tusiuseme. Na uzito? Madigadi mawili ya bati hayafiki kilo 2.

Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, madigadi, keria na kengele ni vitu vya kawaida, hata kifuniko cha mnyororo. Na hapa kwetu, anayesukuma magunia ya makala kutoka porini hadi sokoni anaijua kinga kuliko sisi sote. Sijawahi kumwona ameng'oa keria.