Tofali za kuchoma za kuziba ukuta wa zamani: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Ukiwa na nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma, zile za Iringa, Njombe, Mbeya, Songea huko ambazo ukuta wa nje haujapigwa lipu, siku tofali chache zikianza kumomonyoka kila anayepita njia atakupa ushauri, na mwingi utakuwa wa rangi. Tafuta nyekundu kama hii, hapana hiyo imekolea sana, jamani. Rangi ndo ya mwisho kuangalia. Anza na saizi, halafu ugumu, halafu kile kinachoshikilia tofali.

"Hizi zimezeeka tu, ndo maana zinaoza"

Si kweli. Angalia ukuta huohuo juu kabisa chini ya bati, tofali za umri uleule ziko fresh. Zinazooza ni za chini, au pale maji ya bati yanaporukia. Maji yanaingia yakiwa na chumvi, yakikauka chumvi inabaki ndani ya tofali karibu na uso, inajijenga na kusukuma mpaka ngozi inabanduka, ule unga mweupe unaouona ukutani ndo dalili yake. Usipoondoa chanzo cha maji na tofali mpya nazo zitaoza hapohapo.

"Tofali ni tofali, saizi zinalingana"

Hapa ndo watu wanalia. Nyumba nyingi za zamani zilipangwa kwa inchi, 9 kwa 4 na nusu kwa 3 ukihesabu na udongo wa katikati, lakini mfyatuaji wa leo ana kalibu yake, yaani kasha la kufyatulia, aliyochongewa na seremala wa jirani, na wa kijiji cha pili ana nyingine. Tofauti ya milimita 5 unaweza kuidharau, ila kwa kozi 12, yaani mistari 12 ya tofali kwenda juu, tayari ni sentimita 6, karibu kimo cha tofali zima, mistari haikutani tena na ya zamani na macho yanaona kasoro kabla hata ya kuona rangi. Usipime tofali moja, maana za kufyatua kwa mkono hazifanani. Chukua futikamba upime kozi 10 kwenda juu, gawa kwa 10, halafu toa unene wa udongo wa katikati.

"Basi mpe mfyatuaji kipimo hicho achonge kalibu"

Ukifanya hivyo utaletewa tofali ndogo! Udongo unanywea ukikauka na unanywea tena kwenye tanuri, na kila udongo una kiasi chake, kwa hiyo kalibu lazima iwe kubwa kuliko tofali unalolitaka. Mwambie afyatue machache ya majaribio, kwenye udongo mbichi achore mstari wa milimita 100, akishachoma upime tena. Ukikuta umebaki 91 na wewe unataka tofali la milimita 220, basi kalibu iwe na urefu wa kama 242 hivi. Ni hesabu ya dakika moja ila ukiiruka tanuri zima linakwenda bure, na mvua zikishaanza Novemba huko nyanda za juu hakuna wa kukufyatulia tena mpaka kiangazi.

"Udongo mwekundu ndo unatoa tofali jekundu"

Kuna udongo wa kijivu kabisa wa bondeni ukiuchoma unatoka mwekundu, kwa sababu ya chuma kilichomo kikikutana na hewa kwenye moto. Wenye chokaa nyingi unaelekea njano. Na udongo uleule kwenye tanuri lilelile unakupa rangi tofauti, yaani za pembeni ambako moto haukufika vizuri zinakuwa za chungwa iliyopauka na laini, za katikati nyekundu, za karibu na midomo ya moto zambarau na wakati mwingine zimepinda. Kwa hiyo nenda tanurini mwenyewe uchague, picha ya WhatsApp inadanganya.

"Tofali zilizobomolewa nyumba nyingine ni bora siku zote"

Ni nzuri, ila zamani kuta za ndani walijengea zile laini za pembeni ya tanuri, maana hazinyeshewi, na mbomoaji anakuchanganyia zote. Gonga mbili pamoja, nzuri inalia kama chuma, mbovu inatoa sauti ya kufa. Kisha pima moja ikiwa kavu, iloweke siku nzima, pima tena, ya kilo 2.5 ikifika kilo 3 hiyo imekunywa asilimia 20, ikizidi hapo usiipeleke nje.

Mi ningeanzia kwenye nyumba yenyewe lakini. Jiko la nje, choo cha zamani, ukuta wa uani ambao hakuna anayeuangalia, toa tofali hapo upeleke mbele, za kalibu mpya ziende uani. Hata lililooza uso, ukilitoa taratibu kwa tindo mara nyingine uso wa nyuma ni mzima, ligeuze tu.

"Weka saruji ya kutosha ndo litashika"

Litashika mno! Nyumba hizo nyingi zimejengwa kwa udongo au chokaa, laini kuliko tofali, na unyevu wa ukutani unatoka nje kupitia hapo kwenye viungo vya katikati ya tofali. Ukijaza saruji kali unyevu unapita kwenye tofali lenyewe, na baada ya misimu kadhaa unabaki na mistari ya saruji imesimama na tofali zimeliwa katikati. Tumia chokaa 1 kwa mchanga 3, fundi akigoma kabisa basi saruji 1, chokaa 2, mchanga 9, na chokaa usiiharakishe, inakauka polepole kwa hewa, ifunike na magunia yenye unyevu jua lisiipige.

"Zikikataa kufanana paka rangi au oili chafu"

Rangi inafunga matundu ya tofali na oili haitoki tena. Ziache misimu ya mvua miwili, vumbi na moshi vitazipunguza makali. Kama una haraka changanya masizi na maji, paka kwa kitambaa, ila jaribu kwanza tofali moja la uani na usubiri likauke ndo uamue, maana likiwa bichi linaonekana limekolea kuliko litakavyobaki.