Matembezi ya ghafla Mombasa: yanayosemwa na yalivyo

Matembezi ya ghafla hayaharibiwi na ughafla wake. Huharibiwa na maji yaliyojaa saa isiyotarajiwa, mbaazi zilizochacha mkobani, na nauli ya kurudi iliyoishia kwenye aiskrimu. Yote hayo yanajulikana kabla ya kufunga mlango, tena kwa dakika chache. Zifuatazo ni dhana zinazowafanya watu wa Mombasa wabaki nyumbani Jumapili nzima, au watoke na kurudi wamenuniana.

Dhana: Ufuo uko palepale, nenda saa yoyote

Tunaanza na hii kwa sababu ndiyo inayoharibu siku nyingi kuliko zote. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu tofauti ni kama mita 1 tu. Familia ikifika Bamburi saa kumi na nusu jioni, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, itakuta mawimbi yanapiga ukuta na hapana pa kutandika leso. Ikifika wiki moja baadaye, saa ile ile, itakuta mchanga mpana na bahari imepoa.

Hesabu yake wavuvi huifanya kichwani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Tuseme zimepita siku tatu tangu mwezi kuandama: dakika 50 mara tatu ni saa mbili na nusu, kwa hiyo maji yaliyopwa saa nne na nusu sasa yatapwa saa saba mchana. Ikitimia wiki, saa zimegeuzana: maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Nyumba yenye kalenda ya Kiislamu ukutani haina haja ya kutafuta kingine. Siku za mwanzo wa mwezi na za katikati yake ni bamvua. Tarehe nane na ishirini na mbili, au karibu yake, ni maji mafu. Anayetaka uhakika wa dakika aangalie kwenye simu jedwali la maji la bandari ya Kilindini.

Kinachofuata kinategemea mnataka kufanya nini. Kwa kuogelea, wakati mzuri ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa hadi saa mbili baadaye. Maji ya bamvua yakipwa, upande wa ndani wa mwamba mtu mzima anaweza kutembea mwendo mrefu bila maji kumfika kiunoni, na watoto wakitaka kupiga mbizi watakwaruzwa na mawe. Kwa kutazama viti vya pweza (wale viumbe wa umbo la nyota) na kaa kwenye vidimbwi, chagueni siku za bamvua, maji yanapopwa asubuhi. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, saa moja na nusu hivi kabla ya kupwa kabisa, na saa ya kupwa yenyewe iwe ndiyo saa ya kugeuka kurudi. Wengi hukosea hapo. Maji yakianza kujaa hayaji mbele yako tu kama ukuta. Hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya mwamba na ufuo, nyuma ya mgongo wako, na njia uliyopita kwa magoti unairudia kwa kifua ukiwa na mtoto begani.

Miguuni vaeni raba kuukuu au sandali zenye mkanda wa kisigino. Ndala huchomoka matopeni na kuacha unyayo wazi kwa wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Aliyechomwa atolewe kwa kibanio miiba inayoonekana. Iliyozama isichokorwe kwa sindano, maana hukatika na kubaki ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto yanayostahimilika, nusu saa au zaidi, na mwiba ukiingia kwenye kiungo nendeni hospitali. Kiti cha pweza kitazamwe kilipo, kisitolewe majini kwa ajili ya picha.

Na tyubu la kukodi ni la kuchezea tu, halimwokoi mtu. Upepo hulisukuma haraka kuliko mzazi anavyoogelea, kwa hiyo mkubwa awe majini, mkono mmoja kwenye tyubu.

Dhana: Kutoka ni pesa

Mtembea kwa miguu halipi kitu kwenye feri ya Likoni. Bustani ya Mama Ngina haina kiingilio, na tangu ilipokarabatiwa mwaka 2019 ina njia pana na mahali pa kukaa mkiangalia meli zikiingia Kilindini, mibuyu ikiwa nyuma yenu. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanauita Pirates, ni bure. Kutembea vichochoro vya Mji wa Kale ni bure pia.

Pesa huvuja kwingine: tyubu, ngamia, picha iliyopigwa kabla ya kuulizana bei, na tuktuk iliyopandwa bila mapatano. Bei ya chochote chenye kupandwa, kama ni ngamia, mashua au tuktuk, isemwe kwa sauti kabla ya mguu kuinuka. Uliza pia ni bei ya mtu mmoja au ya wote, na ni ya kwenda tu au kwenda na kurudi. Nauli ya kurudi itengwe kwa noti, kwenye mfuko wa mtu asiyependa kununua vitu. Mko na M-Pesa, sawa, lakini simu iliyopiga picha mchana kutwa huzima jioni.

Dhana: Kuvuka feri ni kupoteza siku

Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, mlango ule una upana wa nusu kilomita hivi. Kinachochosha ni kusubiri, na kusubiri kuna mwelekeo. Asubuhi za siku za kazi umati unatoka Likoni kuja kisiwani, na jioni unarudi Likoni. Anayekaa kisiwani akienda kutembea ng'ambo asubuhi na kurudi jioni anapishana na umati mara zote mbili. Anayekaa Likoni ndiye mwenye kazi, na kwake ni afadhali avuke baada ya saa tatu asubuhi na arudi kabla ya saa kumi.

Mkivuka na watoto, subirini nyuma kidogo ya umati na shikaneni mikono. Msikimbie kwenye mteremko wa kuingilia, una majimaji na huteleza, na msishuke mpaka feri itulie. Ng'ambo mnaweza kuishia ufuo wa Shelly, karibu tu, au kupanda matatu hadi Ukunda na kutoka hapo tuktuk au boda hadi Diani. Wenye gari wasiotaka foleni wana barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini.

Dhana: Wanyama ni Tsavo, na Tsavo si safari ya siku moja

Shimba Hills, kule Kwale, ni kama kilomita 33 kutoka mjini. Kuna ndovu, na ndiyo hifadhi pekee nchini Kenya yenye palahala, aina ya swala mkubwa. Kuna matembezi ya miguu na askari wa wanyamapori hadi maporomoko ya Sheldrick, ya urefu wa zaidi ya mita 20. Kushuka kila mtu anacheka, mlima ni wa kurudi. Mwenye goti bovu abaki juu kwenye upepo, na siku ya mvua msishuke kabisa, udongo unateleza.

Matatu ya Kwale haitawazungusha ndani ya hifadhi, lazima muwe na gari lenu au la kukodi. Malipo hayapokelewi kwa noti: yafanyeni kwenye eCitizen mkiwa bado nyumbani penye mtandao mzuri. Bebeni vitambulisho, kwani bei ya raia na ya mgeni zina tofauti kubwa. Maji yawe kwenye chupa za kujazia tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi.

Dhana: Bibi na mtoto mchanga wabaki

Wabaki wapi, na kwa nini? Mzee hachoshwi na safari, huchoshwa na ngazi, jua na kukosa choo. Pimeni mahali kwa vitu hivyo vitatu. Fort Jesus mchana ina ngazi na mawe yanayorudisha joto usoni. Haller Park, bustani ya wanyama, njia zake nyingi ni tambarare na zina kivuli, na twiga wanalishwa kwa saa maalumu, muulize langoni mkiingia. Kuna cha kuwasimulia watoto pia: pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mvinje ulistahimili chumvi, lakini majani yake yalikuwa hayaozi. Yaliletwa majongoo wayatafune, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Mwambie mtoto atazame chini ya mvinje, atamwona jongoo mwenyewe akiwa kazini.

Kwa bibi, tuktuk ni rahisi kupanda kuliko matatu kwa sababu sakafu yake iko chini. Aketi katikati.

Dhana: Mzaliwa wa hapa hana jipya la kuona

Muulize mzaliwa huyo aliingia Fort Jesus lini mara ya mwisho. Mara nyingi ni alipopelekwa na shule. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tafuteni mambo mawili ndani: michoro ya meli waliyoichora Wareno ukutani, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Nendeni lango likifunguliwa saa mbili asubuhi, au baada ya saa tisa. Saa sita mchana hapana raha yoyote mle.

Mkitoka, Mji wa Kale uko mlangoni. Vaeni nguo za heshima, na msimpige mtu picha bila idhini yake.

Dhana: Chakula cha njiani kitawaumiza, bebeni cha nyumbani

Hapa watu hugeuza mambo. Kiazi karai kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka, muhogo uliotoka jikoni sasa hivi, dafu lililofunguliwa mbele ya macho yako: hivyo hatari yake ni ndogo. Cha kutilia shaka ni kinachokwenda navyo, yaani ukwaju uliozimuliwa kwa maji yasiyochemshwa, kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi, na barafu ya kwenye juisi ya miwa. Omba ndimu na pilipili kavu, inatosha.

Chakula cha nyumbani ndicho kinachowalaza watu, hasa cha nazi. Mbaazi za tui zikifungwa zikiwa vuguvugu na kukaa garini, saa mbili ni nyingi, na siku ya jua kali hata saa moja. Mambo ni mawili. Ama zitoke jikoni zikichemka, ziingie moja kwa moja kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana iliyosuuzwa kwa maji ya moto, ama ziliwe kabla ya kutoka na mkobani mbebe mahamri matupu. Mahamri yafungwe kwa kitambaa baada ya kupoa. Yakifungwa moto kwenye mkebe hutoa jasho na kulowa. Wakubwa wawili na watoto watatu, nusu siku: mahamri 15, maji lita 5, ndizi, na leso mbili. Leso moja ni mkeka, ya pili ni taulo na pazia la kubadilishia nguo.

Dhana: Mvua imenyesha, basi tena

Wakati wa masika, hasa Mei, mvua nyingi za pwani hunyesha usiku na alfajiri. Mawingu ya saa moja asubuhi si hukumu ya mchana. Ngojeni hadi saa nne kisha muamue.

Dhana: Ghafla ni kumshtukiza mwenzio

Kumwambia mtu "vaa, twende" bila kumwambia mnaenda wapi kunapendeza kwa wachache. Aliyefunga, mwenye dawa za saa maalumu, anayenyonyesha na anayetaka kusali kwa wakati wanahitaji kujua mahali na saa ya kurudi. Mwambieni pia jirani au ndugu mmoja aliyebaki.

Dhana: Tutarudi jua likitua

Mombasa jua hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza halichelewi. Saa hiyo ndiyo pia ya watu kutoka kazini, matatu zimejaa na makanga anapandisha nauli. Ondokeni ufuoni saa kumi na moja na nusu, au kama hamna mtoto wa kulala mapema, kaeni mpaka saa mbili, mle mishkaki, msongamano upungue. Tuktuk inachukua abiria watatu. Mkiwa watano patana na mbili kwa pamoja, na kila moja iwe na mtu mzima anayejua nyumba ilipo.