Kwa nini Wachina humlisha mungu wa jikoni pipi kabla ya Mwaka Mpya?

Siku chache kabla ya mwaka mpya wa jadi, nyumba nyingi za Wachina zilikuwa na mtu wa kuaga. Amekaa jikoni mwaka mzima, juu ya jiko, kwenye karatasi iliyochapwa sura ya mzee mwenye ndevu, mara nyingi na mkewe kando. Huyo ni Zao Jun, mungu wa jikoni. Kaskazini mwa China huagwa tarehe 23 ya mwezi wa 12 kwa kalenda yao ya mwandamo, kusini tarehe 24. Siku yenyewe huitwa Xiaonian, yaani Mwaka Mdogo, na bado ipo hadi leo.

Imani ni kwamba siku hiyo Zao Jun hupanda mbinguni kutoa taarifa ya nyumba kwa Mfalme wa Jade, mkuu wa miungu. Na anayo mengi ya kusema. Jikoni ndiko siri za nyumba zinakomwagika: nani kagombana na nani, nani kamnyima mkwe chakula, nani kamwaga wali uliobaki. Yote kayasikia.

Hapo ndipo inapoingia pipi iitwayo zaotang. Hutengenezwa kwa kimea, ambacho hugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari nzito. Hupikwa ikakolea, kisha huvutwa na kuvutwa mpaka iwe nyeupe. Nyingine huviringwa kama kitikiti kidogo. Kwenye baridi kali ya kaskazini hukauka, ukiing'ata inakatika kwa mlio. Ikishapata joto la kinywa, inanasa menoni kama ulimbo. Wapo wanaoipaka kabisa kwenye midomo ya picha.

Ya nini? Wengine husema ni ya kumgandisha taya asiweze kusema. Wengine husema ni ya kuutia ulimi wake utamu. Mimi naegemea jibu la pili, kwa sababu ya maneno yanayobandikwa kando ya picha hiyohiyo: "Ukipanda mbinguni sema mema, ukishuka duniani tulindie amani." Unayetaka anyamaze, humwombi aseme.

Baada ya hapo picha huchomwa, moshi ndio njia yake. Farasi wa kumbeba mbinguni naye huwekewa majani na maji. Kisha nyumba inafagiliwa kila pembe, maana siku ya kwanza ya mwaka ufagio haushikwi, usije ukafagia na bahati.

Kinachonigusa zaidi ni hadithi ya Zao Jun mwenyewe. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtu wa ukoo wa Zhang, aliyemfukuza mke mwema akaoa mwingine. Mali ikaisha, macho yakapofuka, akawa ombaomba. Siku moja akakaribishwa chakula kwenye nyumba asiyoijua, kumbe mwenyeji ni yule mke. Alipomtambua, aibu ikamzidi, akajitupa jikoni motoni. Mbinguni wakamhurumia, wakamkabidhi majiko ya watu. Anayepeleka habari za nyumba, basi, ni mtu aliyewahi kuivunja ya kwake.

Mkesha wa mwaka mpya, kati ya Januari 20 na Februari 20 hivi, hupokewa tena. Karatasi mpya inabandikwa palepale, nyingi zikiwa na kalenda ya mwaka unaoanza juu ya kichwa chake. Ile ya zamani ilikuwa imeshaliwa na masizi. Hii rangi zake bado zinawaka, na chini yake, kwenye nyumba za kaskazini, sufuria ya jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama, inaanza kuchemka.