"Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba": tafadhali tuache kuisema

Penye msiba, penye ugonjwa usioisha, penye ndoa iliyosambaratika, hakosi mtu wa kuitoa sentensi hii. Huitoa kwa upole, mkono begani, akiamini ananukuu Maandiko. Nimechoka kuisikia. Haimo katika Biblia, na inawaumiza watu walio dhaifu kuliko wote.

Andiko linalosingiziwa ni 1 Wakorintho 10:13. Lisome kuanzia mstari wa 1. Paulo anawakumbusha Wakorintho habari za Israeli jangwani: walivuka bahari, wakalishwa na Mungu, kisha wakaabudu sanamu, wakazini, wakaanguka watu 23,000 siku moja. Mstari wa 12 unamwonya anayejiona amesimama asije akaanguka. Mstari wa 14 unahitimisha: ikimbieni ibada ya sanamu. Katikati hapo ndipo penye ahadi kwamba Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, na kwamba atafanya mlango wa kutokea. Hoja ni kishawishi cha kutenda dhambi: hakuna atakayesema alisukumwa hadi akakosa njia nyingine. Ni ahadi nzito, lakini haisemi kwamba Mungu hupima saratani au kifo cha mtoto kulingana na kifua cha mtu.

Na kama ingesema hivyo, Paulo angekuwa amejipinga mwenyewe. Katika 2 Wakorintho 1:8 anawaandikia watu wale wale kuhusu dhiki iliyompata yeye na wenzake katika jimbo la Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kuliko nguvu zetu! Mtume anasema wazi mzigo ulizidi uwezo wake. Mstari wa 9 unaeleza kilichotokana na hali hiyo: wasijitumainie nafsi zao, bali Mungu awafufuaye wafu. Mstari wa 11 unaongeza maombi ya wenzake. Sura ya 7 inasema Mungu alimfariji kwa kuja kwa Tito, mtenda kazi mwenzake. Zingatia njia hiyo: faraja ya Mungu ilifika ikitembea kwa miguu ya mtu.

Kinachonikera zaidi ni hesabu anayoachiwa mwenye uchungu. Anajiambia: kama Mungu alipima, na mimi nimeelemewa, basi imani yangu ndiyo yenye kasoro. Anaanza kuficha. Anaitikia "namshukuru Mungu" kila akijuliwa hali, haombi msaada, na kanisa linamsifu kwa uimara huku anazama. Sentensi iliyokusudiwa kumtia nguvu imemfungia mlango ambao nguvu zingepitia.

Wafilipi 4:13 nayo hukatwa vivyo hivyo. "Nayaweza mambo yote" inafuata maneno ya kuona njaa na kupungukiwa, na mstari wa 14 Paulo anawashukuru kwa kushiriki dhiki yake. Epafrodito, mjumbe wao, alikuwa amemletea msaada wao.

Basi mtu aliyeelemewa afanye nini? Aanzie alipoanzia Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii anaomba afe. Malaika hamhubirii. Eliya analala, anaamshwa ale mkate na kunywa maji, analala tena, anaamshwa mara ya pili, naye malaika anakiri kwamba safari ni kubwa mno kwake. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye, katika mlima Horebu. Kwa hiyo usimpangie mfungo wala mkesha mtu ambaye hajalala vizuri wala kula. Dawa za daktari asiziache. Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na mtu anayewaza kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, maombi yakiendelea njiani.

Maombi yenyewe yawe mafupi na ya kweli. Chukua Zaburi 13, mistari 6 tu. Isome kwa sauti asubuhi na jioni, zaburi hiyo hiyo kwa juma zima, maana akili iliyochoka haiwezi kupokea andiko jipya kila siku. Ina "hata lini" nne kabla ya ombi lolote, na tumaini linakuja mwishoni. Wengi hukosea kwa kuanza na shukrani ambazo hawana moyoni, na baada ya siku chache wanaacha kuomba kabisa. Lalamika kwanza, tena mbele za Mungu. Kisha omba jambo moja la leo. Ukifika kwenye mistari ya tumaini na ulimi ukakataa, mwombe mwingine akusomee.

Msaada nao uombwe kwa jina na kwa kazi. "Niombeeni" peke yake huyeyuka. Mwambie mtu mmoja: "Nipigie kila jioni kwa majuma mawili tuombe pamoja." Mwambie mwingine: "Nisindikize kliniki Jumanne."

Hapa lazima niwe mkali: kuvumilia si kukaa upigwe. Daudi aliukwepa mkuki wa Sauli akakimbia. Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Anayemrudisha mke kwa mume anayempiga, akimwita mvumilivu, anamhatarisha kwa jina la Bwana.

Haya yote hayamalizi maswali yangu. Zaburi 88 inaisha gizani, haina mstari wa tumaini mwishoni, na wapo waaminifu ambao maisha yao yaliishia hapo kwa jinsi tulivyoweza kuona. Paulo aliomba mara tatu "mwiba" wake, yaani mateso ya mwilini mwake, uondoke. Akapewa neema, mwiba ukabaki. Naamini neema hiyo inatosha, lakini zipo siku ambazo kuiamini kwa ajili ya mtu mwingine ni kazi ngumu kuliko kuihubiri, na sioni sababu ya kulificha hilo mimbarani.

Ukienda kumwona aliyefiwa na ile sentensi ikakujia mdomoni, imeze. Sema "pole", kaa, kisha uliza nani atawapeleka watoto shule kesho. Kama hakuna, wapeleke wewe.