Fundi akisema "diski imepinda" ana maana gani?

Kama una pikapu hapa Mombasa hili neno ushalisikia. Umeshuka mteremko wa Mazeras na mzigo, kila ukigusa breki usukani wacheza mkononi na pedali yadunda mguuni, ukaenda kwa fundi akazungusha gurudumu mara mbili akakwambia diski imepinda. Hapo wewe picha unayopata ni chuma kimejikunja kama sinia lililoanguka. Sasa shida ni kwamba mara nyingi sana hicho chuma hakijapinda kabisa, na kwa sababu watu wanatibu kupinda ambako hakupo, wananunua pedi mpya, wanachonga diski kwa mashine, miezi miwili haijaisha mtetemo umerudi palepale.

Diski, wengine waiita rota, ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, pedi ni zile mbili zinazoibana moja kila upande, na kalipa ndiyo inayozikamata hizo pedi. Pikapu nyingi za huku zina diski mbele, nyuma ni drami, yani bakuli la chuma, na breki shuu zinazolikandamiza kwa ndani. Kwa hivyo ukisikia mtetemo kwenye usukani anza mbele, ukiusikia zaidi kwenye kiti basi drami za nyuma nazo zifunguliwe. Na kama gari yatetema ukifika 80 hata hujagusa breki, hapo anza na balansi ya matairi, usiguse diski kwanza.

Haya, "kupinda" kwenyewe. Diski yatakiwa iwe na unene mmoja mzunguko mzima. Pakiwa na mahali ni panene zaidi, pedi zikifika pale zinasukumwa nje, zikipita zinarudi, ile pistoni ya kalipa inasukuma mafuta ya breki kurudi juu na mguu wako unadundwa. Tofauti ya 0.02 mm tu yatosha wewe kuisikia, na unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kushinda hapo, kwa hivyo hakuna jicho la fundi linaloweza kuiona, lazima apime kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, sehemu kadhaa za diski. Asiyepima anakisia.

Huo unene usio sawa waja kwa njia mbili na hapa ndipo nataka mtu aelewe vizuri. Ya kwanza ni moto. Umeteremka Mazeras mguu uko kwenye breki njia nzima badala ya kushuka gia, diski zimechemka, ukifika Miritini foleni, unasimama na mguu umeukandamiza pale pale. Pedi ya moto ikibanwa kwenye diski ya moto inaacha alama, yani ile ngozi yake inagandia pale mahali pamoja, na kuanzia siku hiyo kila mzunguko pedi inapita juu ya hicho kidoa. Ukisimama baada ya mteremko acha nafasi mbele, legeza mguu, gari isogee kidogo kidogo, na kama pametulia tumia hendibreki.

Ya pili ni diski kukaa mshazari kwenye habu, yani kile kitovu cha gurudumu ambapo diski inakalia, na hii huku pwani ndiyo inayotumaliza kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kuna pikapu moja nilisimama nikiiangalia ikifunguliwa kule Changamwe, diski haijamaliza miezi mitatu, imetolewa na nyuma yake pana ganda la kutu kama ukucha wa kidole kidogo, limebanwa katikati ya diski na habu. Aliyeifunga aliweka kitu kipya juu ya kutu ya zamani. Hilo ganda halifanyi gari itetemeke siku hiyo hiyo, linafanya diski iyumbe kidogo sana, na ikiyumba kuna upande mmoja unaigusa pedi kila mzunguko hata hujakanyaga breki, unalika polepole kilomita elfu kadhaa mpaka unakuwa mwembamba. Ndio sababu inarudi baada ya wiki nyingi na mtu anasema diski ilikuwa feki. Dawa ni brashi ya waya kwenye habu mpaka chuma kionekane, kisha kuweka kile kipimo cha mshale kwenye uso wa diski na kuizungusha, magari mengi yataka isiyumbe zaidi ya 0.05 mm hivi. Nati za gurudumu pia zikazwe kwa kuruka, hii kisha ya upande wa pili, kwa nguvu sawa, sio ile ya fundi wa pancha kusimama juu ya spana.

Kitu kingine ni pini za kalipa. Zikikauka kalipa haitelezi, unakuta pedi moja ya ndani imefika chuma na mwenzake ina nyama nusu. Ukiona hivyo usibadilishe pedi peke yake, safisha pini na utie grisi ya breki, grisi ya kawaida inafurisha mipira yake.

Kuchonga diski si vibaya, lakini unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa muhuri kwenye diski yenyewe, tafuta MIN TH. Ikishuka hapo nunua mpya, nyembamba inachemka haraka zaidi.

Na nyie mnaoongeza majani ya springi nyuma ili mbebe zaidi, hili naomba mlisikie. Hilux nyingi za zamani zina vali karibu na ekseli ya nyuma yenye kifimbo, inapima nyuma imelala kiasi gani ndipo iamue breki za nyuma zipewe presha ngapi. Ukishainua nyuma, ile vali yadhani gari haina mzigo, breki za nyuma zinapewa kidogo, na tani nzima ya mchanga inasimamishwa na diski mbili za mbele. Siku unayoongeza majani mwambie fundi arekebishe na kile kifimbo.